Mwanangu Ni Mdogo wa Umbo, Wanamwangusha Kila Mechi

Mashindano ya watoto yameanza, na barua za mwezi huu karibu zote zinalia kilio kimoja: mtoto anajua mpira lakini mwili hana. Nimefundisha michezo shule ya msingi hapa Tanga maisha yangu yote ya kazi, na jioni bado niko uwanjani na watoto, kwa hiyo jambo hili nakutana nalo kila wiki. Nimechagua barua tano. Majina nimeyaacha kama wenyewe walivyoomba.

Shikamoo Mwalimu. Kijana wangu ana miaka 12, amezaliwa Novemba. Yuko timu ya chini ya miaka 13 hapa Mbagala. Mpira anaujua, mtaani wanamwita fundi. Tatizo mwili. Kwenye mechi wanamsukuma, anaanguka, mpira unachukuliwa, kocha anamtoa. Jumamosi alirudi akasema haendi tena. Baba yake anasema tumwache asome tu. Nifanyeje? – Mama wa fundi, Mbagala

Marahaba mwanangu. Mpe pole fundi wetu, na umwambie bado mapema mno kuacha.

Naomba mechi ijayo uende ukasimame pembeni ya uwanja, usipige kelele, umwangalie yeye peke yake. Nadhani utaona hivi: mpira unakuja, yeye amesimama anausubiri, mgongo kaupa upande wa adui, macho yako kwenye mpira tu. Mpira unapofika mguuni, pande la mtoto limeshafika mgongoni. Hapo hata mtu mzima angekwenda chini. Shida haikuanza aliposukumwa, ilianza kabla, wakati mpira uko njiani na yeye hajui nani yuko nyuma yake. Mtoto mkubwa wa mwili anaweza kupokea mpira kwanza halafu ndipo aangalie, na bado akabaki nao. Fundi wako hawezi. Lazima aangalie kwanza.

Hilo linafundishika, tena uani kwako. Tafuta vitambaa viwili, chekundu na cheupe. Wewe au dada yake mpigie pasi, na mtoto mwingine asimame nyuma yake na vitambaa. Mpira ukiwa njiani, wa nyuma anyanyue kimoja. Fundi ageuze shingo, ataje rangi, ndipo apokee. Akishazoea, rangi zipewe kazi: nyekundu maana yake kuna mtu mgongoni, arudishe pasi kwa mguso mmoja, nyeupe maana yake pako wazi, ageuke aende. Dakika kumi kila jioni zinatosha, na msimkaripie akikosea rangi.

Jambo la pili ni namna ya kusimama. Asiusubiri mpira, aufuate. Hatua mbili tu za kuufuata zinamwacha mkabaji nyuma. Na asipokee akiwa ameupa adui mgongo mzima. Asimame kiubavu, aone kule mpira unakotoka na kule anakotaka kwenda, apokee kwa mguu ulio mbali na mkabaji. Ule mguso wa kwanza ndio mali yake. Usiishie chini ya unyayo, uende kwenye nafasi, mbali na mwili wa mwenzake. Watoto wengi wenye vipaji vya mtaani wana ugonjwa huu: wanapenda kuukanyaga mpira wausimamishe ndipo waanze chenga. Kwenye chandimu unapona. Kwenye mechi, ule muda wa kuukanyaga ndio yule mkubwa anaoutumia kufika.

Na kuguswa ataguswa tu, mama, mpira haukwepi miili. Afundishwe sheria ili asiogope. Bega kwa bega, mpira ukiwa karibu na bila nguvu ya kupita kiasi, ni halali. Na yeye mwenye mpira anaruhusiwa kuweka mwili wake kati ya adui na mpira, ilimradi mpira uko umbali wa kuuchezea na hamzuii mwenzake kwa mikono. Sasa, mdogo akikunja magoti, akashusha makalio, akatanua miguu, yule mrefu inabidi ainame ndipo amsukume, na akiinama nguvu zake nyingi zinapotea. Kuna siri ndogo ambayo nawaambia wote: usingoje kusukumwa. Unapomsikia anakuja, egemea wewe kwanza, mguse kabla hajapata mwendo. Mwili mzito unatisha ukiwa na mwendo. Ukiwa bado haujapata mwendo, mtoto wa kilo thelathini anaweza kuuchelewesha kwa ule muda mfupi anaohitaji kutoa pasi.

Kuhusu Novemba: timu yao bila shaka imepangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, kwa hiyo mwenzake wa Januari amemzidi karibu miezi kumi. Kwa umri huo miezi kumi si kitu kidogo. Juu ya hapo kuna suala la kubalehe. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi wakiwa na miaka 13 au 14, lakini wapo wanaoanza na miaka 11 na wapo wanaongoja hadi 15 au 16. Unaweza kukuta watoto wawili wa darasa moja, mmoja mifupa yake imeshafanana na ya kijana wa sekondari na mwenzake bado mtoto. Hii si kasoro. Luka Modrić alikataliwa utotoni kwa sababu ya udogo wa mwili, na mwaka 2018 akachukua Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa dunia. N'Golo Kanté ana urefu wa kama sentimita 168, na akachukua ubingwa wa Uingereza mwaka 2016 akiwa Leicester City, wa 2017 akiwa Chelsea, na Kombe la Dunia 2018. Na huna haja ya kwenda mbali: mwulize baba yake kama anakumbuka Februari 2021, Simba na Al Ahly pale Mkapa, moja bila. Bao lile la pekee lilifungwa na Luis Miquissone, mfupi kuliko karibu kila beki aliyekuwa mbele yake.

Kwa kocha, nenda kwa heshima baada ya mazoezi, na usimwombee mwanao nafasi. Mwulize, "Kocha, unataka abadilishe nini ili umwachie acheze?" Kocha mzuri atakupa jibu la kufanyia kazi. Akikwambia tu "akue kwanza," na msimu unaisha kijana yuko benchi, tafuta timu nyingine, Mbagala hazikosekani. Masomo yaendelee palepale. Mwambie baba yake kwamba mtoto anayekatazwa mpira hupoteza raha yake, wala hilo halimfanyi apende hesabu.

Mwalimu, heshima yako. Nina timu ya mtaani ya chini ya miaka 15. Watoto wangu ni wadogo wadogo. Kwenye kundi letu kuna timu ina vijeba, yaani waliozidi umri, mmoja ana ndevu kabisa. Mwaka jana walitufunga saba, karibu zote mipira ya juu na kona. Tunakutana nao wiki mbili zijazo. Nipe mbinu. – Kocha wa mchangani, Kihonda, Morogoro

Kaka yangu, tuanze na ndevu. Kama una shaka ya umri, peleka pingamizi kwa waandaaji kabla ya mechi, kwa maandishi, huku vyeti vya kuzaliwa vya watoto wako wote viko mkononi. Usingoje ufungwe ndipo ulalamike, utaonekana mlalamishi. Suala hili limeshaigharimu nchi: mwaka 2005 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 17, ilikuwa imefuzu fainali za Afrika za vijana kule Gambia, ikaondolewa kwa ajili ya umri. FIFA nayo tangu mwaka 2009 inatumia kipimo cha MRI, picha ya ndani ya mwili, kwenye kifundo cha mkono ili kukagua umri katika Kombe la Dunia la chini ya miaka 17. Sisi wa mchangani hatuna mashine hiyo, tuna dhamiri zetu tu, na mimi nasema waziwazi: kocha anayechezesha kijeba anawaibia watoto wa pande zote mbili. Kijeba mwenyewe hajifunzi chochote kwa kuwakanyaga wadogo, na wale wadogo ndio hao wanaorudi nyumbani wakisema hawaendi tena.

Tuseme pingamizi limetupwa na mechi ipo. Mabao saba ya mipira ya juu, kaka, maana yake mipira hiyo ilikuwa inapata nafasi ya kupigwa. Kazi yako kwa wiki hizi mbili ni kuhakikisha mpira unakaa chini, na mnawapa kona chache.

Anza na kipa wako. Kila akipiga mpira mrefu anawagawia. Sheria ilibadilika mwaka 2019: mpira wa goli uko mchezoni mara tu ukipigwa ukasogea, si lazima utoke nje ya boksi. Kwa hiyo mabeki wako wawili wanaweza kusimama ndani ya boksi, mmoja kila upande wa kipa, wakapokea chini. Wale wapinzani hawaruhusiwi kuingia humo mpaka mpira upigwe. Fanyeni hivyo mazoezini kila siku hadi hofu iishe, maana mara ya kwanza watoto watatetemeka na wazazi watapiga kelele "piga mbele!" Wewe usitetemeke. Na mkibanwa kweli, ubutueni nje kwenye mstari wa pembeni, mbali na goli lenu. Si aibu.

Mipira ya kurusha irushwe haraka, kabla vijeba hawajajipanga, na mkumbushe winga wako kwamba kwenye mpira wa kurusha hakuna kuotea. Anaweza kujificha nyuma ya beki wa mwisho kwa halali kabisa. Kona zenu msipige krosi, ni kuwapa mpira bure. Wekeni watu wawili pale kwenye kibendera, mpira wa karibu, kwa sababu wao lazima wakae mita 9.15 mpaka mpira uchezwe. Pale mna wawili dhidi ya mmoja atakayechelewa kutoka.

Kona zao ndizo zinazokunyima usingizi, naelewa. Watoto wako hawatashinda kuruka, kwa hiyo usiwaambie waruke zaidi. Mchezaji mrefu anahitaji hatua tatu nne za kukimbia ili apae. Mnyime hizo hatua. Mtoto wako asimame mapema kwenye njia yake, imara, mikono bila kushika jezi. Sheria inampa kila mchezaji haki ya mahali alipokwisha simama. Kinachokatazwa ni kuhamia kwenye njia ya mtu ili kumzuia. Mkubwa akiruka akiwa amesimama, bila mbio, kichwa chake hakina nguvu ileile. Weka wawili ukingoni mwa boksi wa kuokota mpira unaodondoka, na hapo ndipo wadogo wenye akili wanaposhinda, kwa sababu mpira ukishadondoka kimo hakina kazi. Halafu acha mmoja au wawili wenye kasi katikati ya uwanja. Utaona wenyewe wanaanza kurudisha vijeba wao kulinda, na boksi lako linapumua.

Kwenye kukaba mmoja kwa mmoja, wakatazeni kujitupa. Mdogo anayejitupa miguuni mwa mkubwa anarukwa. Amcheleweshe tu, ampeleke pembeni kwenye mstari, wa pili aje asaidie. Na wakati mzuri wa kumvamia mkubwa ni pale anapopokea akiwa ameangalia kwao. Wengi waliorefuka ghafla miguu bado haijawatii vizuri, kugeuka kunawachukua muda.

Mazoezi yako ya wiki hizi mbili: uwanja mdogo, wanne kwa wanne, magoli madogo ya mawe, miguso miwili tu, mpira ukipanda juu ya goti ni faulo. Mkimaliza, mtu kati: duara la kupasiana, mmoja katikati akiusaka mpira. Acha kuwazungusha uwanja mara ishirini. Gusa achia, yaani pasi za haraka, ni mguu na jicho, na havipatikani kwa kukimbia raundi.

Huenda mkafungwa tena, nakwambia ukweli. Ila kabla ya mechi wape watoto kitu cha kuhesabu ambacho kiko mikononi mwao: mara ngapi tumetoka nyuma kwa pasi, mara ngapi tumeupata mpira wa kudondoka. Mwende nyumbani mkijua mlichofanya.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mvulana wa miaka 14, Kigoma. Nataka kuwa beki wa kati ila kocha anasema nikacheze pembeni kwa kuwa mimi mfupi. Nitapigaje kichwa mbele ya mshambuliaji mrefu?

Marahaba mjukuu wangu. Fabio Cannavaro alikuwa beki wa kati, hakufika sentimita 180, na mwaka 2006 alikuwa nahodha wa Italia iliyochukua Kombe la Dunia, kisha akapewa Ballon d'Or. Kwa hiyo ndoto yako si ya ajabu. Lakini msikilize kocha wako pia, cheza pembeni bila kununa. Beki wa pembeni hujifunza kusoma mchezo, na somo hilo utakwenda nalo katikati siku ikifika.

Kichwa ni wakati kuliko urefu. Mwaka 2009, fainali ya Ligi ya Mabingwa pale Rome, Messi mwenye sentimita 170 aliifunga Manchester United kwa kichwa, golini yuko Van der Sar mrefu kupita wote. Hakumzidi mtu kwa kuruka. Alikwenda mahali ambapo hapakuwa na mtu, mwenzake Xavi akauweka mpira hapohapo. Wewe ukiwa beki fanya kinyume chake: usiwe mbali hata mshambuliaji akapata mahali pa namna ile. Soma mpira tangu mguuni mwa mpigaji. Ruka wewe kwanza, kwa mguu mmoja baada ya hatua mbili, mikono ikikusaidia kupanda bila kumgusa mwenzako usoni. Anayetangulia hewani ndiye anayeshika nafasi, na mrefu akichelewa inabidi aruke juu ya mgongo wako, na hiyo ni faulo yake. Pale unapoona huwezi kuupata, usiruke kabisa. Rudi hatua moja, subiri aushushe, uuokote.

Mazoezi ya vichwa yasiwe mengi. Mtu akurushie kwa mikono, mara chache, mpira usiojazwa upepo kupita kiasi. Uingereza mwaka 2020 walitoa mwongozo kwamba watoto wa shule za msingi wasifundishwe vichwa mazoezini, kwa ajili ya kulinda ubongo. Na wewe una mdogo wako nadhani, usimfanyishe.

Mwalimu, mimi barua yangu ni tofauti. Mwanangu ana miaka 12 kweli, cheti ninacho, ila ni mkubwa wa mwili. Kila tukienda mechi wazazi wa upande mwingine wanapiga kelele "kijeba huyo!" Juzi alilia. – Mama, Arusha

Dada yangu, nimeisoma barua yako mara mbili, na nimeiweka hapa makusudi ili wale wazazi waisome. Kumzomea mtoto wa miaka 12 ni jambo baya, hata kama ungekuwa na shaka. Shaka inapelekwa mezani kwa waandaaji, haipigiwi kelele uwanjani. Tembea na nakala ya cheti, mpe kocha aionyeshe kabla ya mechi, yaishe.

Sasa la mpira. Mwanao naye yuko hatarini, ila ya kwake haionekani. Leo anapita watu kwa mwili, anafunga, anasifiwa, hajifunzi kuangalia nyuma wala kutoa pasi mapema. Wenzake watarefuka. Akiwa na miaka 16 mwili utakuwa sawa na wao, na wao watakuwa wamejifunza akili kwa kulazimika. Mwombe kocha siku moja kwa wiki amchanganye na wakubwa zaidi kiumri, wenye miili kama yake, ili naye abanwe.

Uingereza akademi za klabu kubwa zimekuwa zikijaribu jambo hilo tangu kama mwaka 2015: wanapanga baadhi ya mechi kwa kiwango cha kukua, wakikadiria mtoto amefikia asilimia ngapi ya urefu atakaokuwa nao ukubwani, badala ya kutazama mwaka wa kuzaliwa peke yake. Wadogo wanapata siku ya kuongoza, wakubwa wanapata siku ya kuhangaika. Ubelgiji wana hadi timu za taifa za vijana kwa wale wanaochelewa kukua. Makocha wetu hatuhitaji kompyuta kwa hili. Jumatano moja wapange watoto kwa kimo badala ya umri, wacheze. Mimi hufanya hivyo hapa Tanga, na siku hizo ndizo ninazojua nani anaucheza mpira na nani anaucheza mwili.

Habari Mwalimu. Kijana wangu miaka 13 ni mfupi sana. Kuna mtu ananiambia ipo sindano ya kuongeza urefu, na unga wa kujenga misuli. Nimnunulie? Pia analalamika maumivu chini ya goti. – Baba, Tabora

Usinunue. Wala sindano, wala unga. Messi ni kweli alitibiwa kwa homoni ya ukuaji, lakini alipimwa na madaktari wakakuta mwili wake una upungufu wa homoni hiyo, na akatibiwa chini ya uangalizi wao. Hilo halina uhusiano na mtu anayeuza vichupa mtaani.

Mlishe kawaida, ila ashibe: uji wenye karanga asubuhi, mayai mkipata, maharage, dagaa, mboga, matunda, maziwa. Alale mapema, simu ibaki kwako usiku. Push-up na squat za uzito wa mwili wake zinatosha kwa umri huo, pamoja na kuruka kamba.

Goti: watoto wanaorefuka na kucheza sana mara nyingi huumia pale kwenye kifundo cha mfupa chini ya goti. Mpunguzie kuruka na kukimbia kwa wiki kadhaa, weka barafu baada ya mchezo, asilazimishwe kucheza na maumivu. Kama pamevimba, anachechemea au anaumia usiku, mpeleke hospitali.

Na hata bila goti, kama unaona nguo za mwaka jana bado zinamtosha vilevile na hajaongezeka kabisa, mpeleke apimwe. Chukua na kadi yake ya kliniki ya utotoni ikiwa bado unayo, na vipimo vyovyote vya urefu vya shuleni. Daktari atataka kuona alivyokuwa akikua mwaka hadi mwaka, na urefu wako na wa mama yake pia atauliza.